Mawese ya Kagunga

Baba yangu hakufa kwa malaria.

Wengi wenu mmeniuliza safari ilikuwaje, na siwezi kuisimulia bila kuanza na hilo. Tangu bweni la chuo kikuu hadi kwenye kikundi chetu cha kusoma vitabu, nimewaambia watu kwamba mimi ni mtoto wa Ujiji na kwamba baba yangu, fundi cherehani, alikufa kwa malaria nikiwa mdogo. Ujiji nimekulia kweli. Cherehani nayo ilikuwepo. Malaria niliiongeza mimi, siku msichana mmoja wa bwenini aliponiuliza baba yuko wapi. Niliogopa kwamba nikitaja vita vya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nitaulizwa mimi ni mtu wa wapi. Malaria haiulizwi maswali. Kila mtu ana mtu wake aliyekufa kwa malaria.

Halafu mkaleta kile kitabu cha Kijapani.

Kwa wasiokisoma: mwandishi ni mwanamke aliyeandika habari za familia yake, akabadilisha majina na kuandika "riwaya" kwenye jalada. Baba anapelekwa vitani, visiwa vya kusini. Vita vinakwisha, baba harudi. Nyumbani kinaletwa kisanduku cha mbao ambacho kilipaswa kuwa na mifupa yake. Ndani mna jiwe. Mama analichukua jiwe na kuligeuza kuwa la kugandamizia mboga za kutia chumvi, na kila asubuhi anaendelea kummiminia mumewe kikombe cha chai. Binti akishakuwa mtu mzima anapanda treni, kisha meli, kumtafuta askari aliyekuwa na baba yake siku ya mwisho. Askari anamwambia kwamba baba alikufa usingizini. Binti anajua anadanganywa, na anamshukuru.

Siku ya mjadala, kwangu, nilitangaza kwamba mwandishi anayejificha nyuma ya neno "riwaya" ni mwoga, na kwamba kitabu kimenichosha. Kumbe mchana ule nilikilia jikoni mpaka wali ukaungua. Mlipoingia mkauliza harufu ni ya nini, nikasema ya kwa jirani.

Wiki hiyohiyo alinipigia mdogo wangu Hamisi, anayekaa na Mama Ujiji. Mama ameanza kuishiwa nguvu, alisema. Baba alibaki ng'ambo siku tuliyovuka, na tangu siku hiyo Mama hajakubali kwamba ni marehemu. Hajakaa eda. Nyumbani kwetu haijasomwa hitma hata moja. Mpaka leo anapaka wanja na hina kama mwanamke ambaye mumewe yuko safarini.

"Mama akiondoka hivi," Hamisi alisema, "tutakuwa tumemzika mke wa mtu ambaye hatujui yuko wapi. Nenda kwa Mzee Bilali."

Mzee Bilali ndiye aliyetuvusha ziwa kwa boti yake. Sasa anaishi Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi.

"Kwa nini usiende wewe? Uko hapo hapo."

"Mimi nilikuwa nanyonya, dada. Nitamuuliza nini? Wewe ndiye wa kwanza, na wewe ndiye unakumbuka."

Dar es Salaam hadi Tabora

Nilichukua treni kwa sababu binti wa kwenye riwaya alichukua treni. Sina sababu nyingine ya heshima zaidi.

Jirani yangu kwenye behewa alikuwa Mama Yusta, mfanyabiashara wa maharage kutoka Kasulu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu shambani. Kabla ya Dodoma alikuwa ameshajua kazi yangu ya uandishi, umri wangu, na kwamba sina mume. Hili la mwisho alilirudia kwa abiria wengine, taratibu, kama anayetangaza mzigo uliopotea. Saranda tulinunua kuku kupitia dirishani. Kuku wangu alikuwa mgumu kiasi cha kunifanya nimheshimu.

Nilisoma. Nikifika mahali pa kikombe cha chai, nafunga kitabu na kutazama nje.

Ninachokikumbuka mimi ni hiki. Ufukwe wa ng'ambo, watu wengi, na boti ya Bilali imejaa. Mama amempakata Hamisi. Mimi na wadogo zangu wawili tumekaa juu ya magunia. Baba amesimama mchangani, amekumbatia kichwa cha cherehani kilichofungwa blanketi. Anamwambia Mama: "Siwezi kuiacha hii. Tangulieni, nakuja na boti ya pili." Boti ikaondoka. Nilikuwa na umri wa kutosha kuelewa kwamba baba alitakiwa kuchagua, na akachagua cherehani.

Malaria haikuwa kwa ajili ya wenye maswali peke yao. Baba aliyekufa kwa malaria ni baba ambaye hakuchagua kitu kingine akakuacha.

Kaliua, tuliposimama

Baada ya Kaliua treni ilisimama. Mvua ilikuwa imenyesha, maji yamepita juu ya tuta la reli mbele yetu, na ikabidi tungoje yapungue. Kulipokucha bado tulikuwa palepale. Watu walishuka, wakawasha moto kando ya reli, na wanawake wa kijiji jirani wakaja na mihogo ya kuchemsha na asali kwenye chupa za maji. Ndani ya muda mfupi tulikuwa na soko, kinyozi, na ugomvi wa kwanza.

"Mwakeye," Mama Yusta alinisalimia kwa Kiha chake. "Hicho kitabu kinakununisha tangu Dar. Kina nini?"

Nikamsimulia. Nilisimulia vizuri, nadhani: kisanduku, jiwe, kikombe, askari. Watu wawili watatu walisogea kusikiliza.

"Huyo mama alikuwa na watoto wangapi?" aliuliza Mama Yusta.

"Watatu."

"Akiwalisha nini?"

"Kitabu hakisemi sana. Si hoja yake."

"Mh." Alikuwa anamenya yai. "Kwa hiyo mwandishi amekula miaka yote hiyo na hajui chakula kilitoka wapi."

Nikamweleza kwamba kikombe kile ni ishara ya tumaini. Nikaeleza habari ya kumbukumbu na ukimya. Nilizungumza kama ninavyozungumza nikilipwa. Mama Yusta alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa nusu ya yai.

"Kula," alisema. "Una njaa, ndiyo maana unaongea hivyo."

Ujiji

Mama alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha nyumba yetu, mtaa wa Kasingirima, miguu ameinyoosha. Hina ilikuwa mbichi, nyeusi kuanzia vidole hadi kisiginoni. Amekonda. Wanja upo, umenyooka, japo mkono unaoupaka sasa unatetemeka.

"Umechelewa," alisema, kama vile nilitoka asubuhi kwenda dukani.

Alikuwa amenipikia migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo, na akakaa kunitazama nikila. Bado anakwenda sokoni na dagaa wake kila siku ambayo miguu inakubali. Hamisi amemkataza, nami nikamkataza mezani. Alitusikiliza wote wawili kwa adabu ile anayowapa wateja wanaopunguza bei.

Nilikuwa nimeandaa uongo. "Mama, kesho nitakwenda Kagunga. Kuna mtu Dar ameniagiza mawese."

"Mawese ya Kagunga."

"Nasikia ni mazuri."

"Mawese yanatoka hapa Ujiji kwenda Dar. Wewe umetoka Dar, umeyapita hapa, unayafuata Kagunga." Aliinua sahani yangu akaangalia kama nimemaliza. "Haya. Ukifika, kabla hujakaa, mwambie Bilali mimi bado nipo."

"Nitamsalimia, Mama."

"Sijakutuma salamu. Nimesema mwambie bado nipo. Kabla hujakaa."

Hamisi alinitazama, nami nikamtazama. Tuliona ni kiburi cha wazee: kila mmoja anataka mwenzake ajue nani amebaki. Nilishukuru tu kwamba hakuuliza zaidi. Mzee Bilali mwenyewe sikumpigia simu. Niliogopa akijua nakuja atapata safari ya ghafla.

Kibirizi hadi Kagunga

Tangu tulipovuka sijawahi kupanda tena chombo cha ziwani. Nimeandika makala mbili kuhusu Ziwa Tanganyika, zote nikiwa nimekaa Dar.

Kibirizi, zinakoondokea boti, niliomba jaketi la kuokolea na nikalivaa papo hapo, nikasimama nalo mchangani nikisubiri magunia ya unga yapakiwe.

"Dada," aliniita mvuvi mmoja, "hapa bado ni nchi kavu."

"Najizoeza."

"Basi jizoeze na kuogelea kabisa."

Wenzake walicheka, na nilistahili. Nilikaa katikati ya boti, juu ya gunia, nimekumbatia mfuko wangu wa zawadi: sukari na majani ya chai. Nilijifunga mtandio mweupe kwa ajili ya upepo. Mambo haya mawili, sukari na mtandio, yashikeni.

Milima inateremka mpaka majini kwa upande huu, na boti inakwenda karibu na nchi, ikisimama kila kijiji kushusha kreti la soda au mtu mmoja mwenye godoro. Upepo ukabadilika, tukajibanza kwenye ghuba ndogo mpaka utulie. Mama mmoja alinigawia ndizi za kuchoma. Mbingu zilipofunguka nikaona ng'ambo, buluu, wazi kuliko nilivyotaka. Nilikuwa nimejiambia kwamba nitaitazama na kufikiri jambo la maana. Nilifikiri kwamba ni karibu sana. Mtu anaweza kusimama kule akaona moshi wa kwetu.

Kagunga

Bi Tatu, mke wa Mzee Bilali, alikuwa anaanua dagaa mchangani mbele ya nyumba yao. Alikuwa anafukuza kuku, nami nilimtambua kwa sauti kabla ya sura.

"Shikamoo, Bi Tatu. Mimi ni Zuhura. Wa kwanza wa Mama Zuhura, wa Ujiji."

Alinitazama: mtandio, mfuko wa sukari, boti iliyonileta. Akaweka ungo chini. Akakaa palepale mchangani, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kulia.

Nilielewa mara moja kwamba nimechelewa, Mzee Bilali amekufa. Safari yote ile, na aliyejua ameondoka. Nikakaa kando yake, nikalia pia, na sikulia kwa adabu. Wanawake wa jirani wakaja wakatuzunguka. Tulilia kwa muda mrefu, Bi Tatu na mimi, tumeshikana.

Kisha Mzee Bilali akatoka ndani, mzima, na fimbo mkononi.

"Pole, mwanangu," aliniambia. "Pole sana. Amekwenda lini?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Sisi tuliovuka kwa boti moja tunahesabiana kama ndugu, na tuna utaratibu wetu. Mmoja akifa, wenzake hawapigiwi simu. Anatumwa mtoto wa kwanza wa marehemu, anakwenda mwenyewe bila kutanguliza habari, na anabeba sukari ya chai ya waliao; akiwa wa kike, anajifunga mtandio mweupe. Nilikuwa naujua utaratibu huo tangu utotoni. Nimeuacha Dar, kwenye mambo mengine niliyoyaacha nisiulizwe ni mtu wa wapi.

Nilifungua mdomo kusema kwamba Mama yu hai. Lakini Mzee Bilali alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, ameweka fimbo chini, na anasema:

"Basi leo nimefunguliwa mdomo. Mama yako alinikataza nisiseme mpaka siku atakapokufa, na mimi sikusemaka kwa mtu."

Nikafunga mdomo. Hilo nililifanya kwa akili zangu timamu.

"Boti ilikuwa imeshuka mpaka maji yanachungulia," alisema. "Nikasema mtu mmoja ashuke, la sivyo siondoi. Kila mtu akaangalia miguu yake. Baba yako akashuka. Mama yako akainuka amfuate, na wewe ukainuka. Ndipo akaanza habari ya cherehani. Siwezi kuiacha, siwezi kuiacha. Ili mkasirike. Mtu akikasirika anakaa."

"Aliipenda ile cherehani," nilisema. Ni kitu cha kijinga nilichokuwa nimekibeba tangu siku ile.

"Ilikuwa imekufa, mwanangu. Nilimpelekea suruali wiki ile, akanirudishia haijashonwa."

Bi Tatu alikuwa ametulia. Jirani mmoja alinishika bega.

"Nilirudi kesho yake kama nilivyoahidi. Wenye bunduki walikuwa wamepita. Nilimkuta mchangani. Cherehani walichukua, blanketi waliacha. Nilimwosha kwa maji ya ziwa, nikamvika lile blanketi kwa sababu sanda sikuwa nayo, nikamzika juu kidogo, kwenye michikichi. Nikamsalia peke yangu. Halafu nikaja Ujiji, nikamwambia mama yako nyuma ya nyumba. Hakulia. Alisema, Bilali, meza hilo neno mpaka nife."

Yule askari wa Kijapani alidanganya kwa huruma, na binti akashukuru. Nami tangu Dar nilikuwa nimejiandaa kudanganywa vizuri. Shukrani zangu nilizipanga njiani, maneno mazuri. Hazikuwa na kazi. Na nilikuwa nimemwelewa vibaya mwandishi yule. Alibadilisha majina ili mama yake aendelee kumimina chai bila mtu kumsimamisha njiani. Mimi niliyemwita mwoga nilibadilisha hata ugonjwa.

"Mzee, nisamehe. Mama amesema nikuambie bado yupo."

Wanawake waliacha kufuta macho.

"Alikuambia useme lini?" aliuliza Mzee Bilali.

"Kabla sijakaa."

"Na wewe ukakaa."

"Nilikaa."

Aliokota fimbo yake mchangani. Alikuwa amelibeba neno lile kwa muda mrefu kuliko alivyobeba kitu chochote maishani, na nimemfanya aliangushe hatua moja kabla ya kufika. Sijui kama amenisamehe.

"Basi," alisema Bi Tatu, akiinuka na kukung'uta mchanga. "Sukari imeshafika. Ichemshwe chai. Nimemlilia mtu aliye hai machozi yote, akifa kweli nitaazima wapi?"

Mzee Bilali hakucheka. "Mimi sitampigia," aliniambia. "Utamwambia wewe."

Kagunga, asubuhi

Boti ya kurudi ilikuwa inapakia. Simu yangu ilikuwa inashika mtandao wa Burundi na kunikaribisha huko, kwa hiyo nilipanda kilima kidogo nyuma ya nyumba, penye michikichi, hadi mtandao wa kwetu ukarudi. Mama alipokea upesi, kama aliyekuwa ameishika.

"Ulimwambia?"

"Nilichelewa, Mama."

Nilisikia jogoo wa kwetu, na Hamisi akiuliza ni nani.

"Kwa hiyo amekuambia."

"Ameniambia. Cherehani, blanketi, yote. Mama, kwa nini?"

Jibu nililitarajia. Nilikuwa nalo tayari, tumaini na kikombe cha chai, ningeweza kumwandikia.

"Kwa nini nini? Mlikuwa wanne, na mmoja ananyonya. Ningekaa ndani miezi minne na siku kumi, nani angekwenda alfajiri kupokea dagaa? Mke wa msafiri anatoka. Mjane hatoki. Tulikuwa wageni, Zuhura. Nani angetuletea chakula mlangoni?"

Nilimkumbuka Mama Yusta na nusu yake ya yai.

"Na baadaye? Tulipokua?"

"Baadaye nilikuwa nimeshazoea kusema yuko safarini." Alikohoa kidogo. "Na kukaa ndani ni kukaa na yeye. Niliogopa. Nikiwa sokoni simwoni."

Chini, watu wa boti walikuwa wananipungia.

"Hamisi alimuuliza sheikh," nilisema. "Eda inahesabiwa tangu siku aliyofariki. Yako ilishapita zamani, Mama. Hudaiwi."

"Najua. Nilimuuliza kabla yake. Nani kakuambia nadaiwa? Mwambie Hamisi asome hitma Ijumaa. Amtaje baba yenu kwa jina lake. Mimi hina hii naiacha ijifute yenyewe."

"Sawa, Mama."

"Umenunua mawese?"

"Mama, yale mawese yalikuwa—"

"Nunua. Madumu mawili, na uangalie yasiwe na maji. Sokoni mimi siendi tena mpaka nitoke ndani."